Buluu ya Milango ya Bi Shekha

Vijana wangu mnaoshika brashi, nawaona mkipita hapa Msimbazi na ndoo zenu za plastiki. Rangi imeshachanganywa na mashine dukani, kazi iliyobaki ni kufungua mfuniko. Sina wivu, labda kidogo tu. Mwenye nyumba anaonyeshwa kadi yenye vipande vya rangi chungu nzima, anaweka kidole kwenye kimoja, nanyi mnaenda kupaka. Juzi mjukuu wangu, naye ni fundi rangi, alikuja kulalamika kwamba mteja ameichukia sebule yake ilhali rangi ni ile ile ya kwenye kadi. Nikamuuliza chumba kile kinatazama upande gani, sakafu yake ikoje, na jioni wanawasha taa ya namna gani. Akanitazama kama namuuliza habari za mbinguni. Nikaona kumbe kuna mambo tuliyojifunza kwa jasho ambayo yatazikwa na sisi, na mimi sipendi kuzikwa na mizigo.

Mimi ni Mchaga wa Machame. Nilishuka Dar es Salaam miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, nikafikia kwa binamu yangu aliyekuwa na duka la unga na maharage Kariakoo. Kazi yangu ilikuwa kupima maharage. Siku moja alikuja fundi kulipaka duka rangi, na tangu alipopanda ngazi mimi sikupima tena kitu cha maana. Binamu alipiga kelele wiki nzima, mwisho akaniambia nimfuate huyo fundi niliyemwoa kwa macho. Nikamfuata kweli.

Fundi huyo aliitwa Mwinjuma, Mzaramo wa Kisarawe, mrefu na mwembamba, suruali yake imekusanya madoa ya kila nyumba aliyowahi kuipaka. Hakuwa mpole sana. Alikuwa na ulimi wa kuchoma, na jina langu la Elirehema lilimshinda kwa makusudi, akaniita Mchaga mpaka tulipoachana. Lakini katika kazi yangu yote sijamwona mtu aliyeijua rangi kama yeye, na nasema hivyo mapema ili mjue nimeegemea upande gani.

Kwanza mjue kwamba rangi ya mafuta ilikuwa ya milango na madirisha. Kuta zilikuwa za chokaa. Tuliiloweka kwenye pipa mpaka itulie, tukaichuja kwa gunia, tukatia chumvi ili ishike ukutani, kisha tukakoroga rangi ya unga iliyouzwa kwenye maduka ya Wahindi. Nyeusi tuliipata kwenye masizi ya jikoni. Nyeupe ilikuwa na siri yake, nayo ni nili, ile ile wanayosuuzia kanzu. Unatia chembe tu kwenye pipa, ukuta unatoka mweupe wa kung'aa. Ukizidisha, umempaka mtu samawati ambayo hakuiomba.

Na chokaa mbichi ni mwongo mkubwa. Ikiwa imelowa inaonyesha rangi iliyokolea, ikikauka inapauka. Mwinjuma hakuanza chumba bila kupaka kwanza kipande cha tofali, akakianika juani, akakaa pembeni na kahawa yake. Wateja walimwona mvivu. Fundi mmoja wa Gerezani asiyekuwa na subira hiyo aliwahi kumpakia bwana harusi chumba rangi ya waridi, kikapendeza, watu wakaja kukitazama. Kesho yake chumba kilikuwa cheupe. Bwana harusi alizunguka mtaa akisema ameibiwa rangi, na alikuwa hatanii.

Mambo mengine alinifundisha kwa vibakuli. Nyekundu, njano na buluu alisema ni wazazi, nyingine zote ni watoto wao. Njano na buluu wanazaa kijani, nyekundu na njano wanazaa rangi ya chungwa. Kisha akaniambia nikoroge nyekundu na kijani pamoja, nikapata matope. Akapaka vipande viwili vya ubao, kimoja chekundu na kimoja cha kijani, akaviweka bega kwa bega, na kila kimoja kikawa kama kinajipamba kumshinda mwenzake. Ndivyo mahasimu walivyo katika rangi, ukiwapika chungu kimoja wanauana, ukiwakalisha jirani wanang'arishana. Chumba kinachopigwa na jua la alasiri alikipa kijani chepesi au samawati ili mwenyewe apumue, na chumba chenye giza alikipa njano. Mambo haya mnayakuta vitabuni sasa, mimi niliyapata kwenye vibakuli vilivyovunjika midomo.

Lakini kazi iliyonifanya nimheshimu mtu yule mpaka leo ilikuwa nyumba ya Bi Shekha.

Bi Shekha alikuwa mama mtu mzima wa Kiarabu, mjane, mwenye nyumba ya Kiswahili nyuma ya soko la Kariakoo: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye jiko, stoo na choo. Chumba kimoja alikaa mwenyewe, vingine alipangisha. Kila asubuhi alikaa uani akipika vitumbua, na wapangaji wake wengi, makuli wa bandarini, waliondoka na vitumbua hivyo mikononi kabla ya kwenda kubeba magunia. Alikuwa mcheshi, mwenye maneno, na alikuwa anapofuka. Macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Hospitali walitaka kumpasua, yeye hakutaka hata kusikia kisu kinatajwa karibu na jicho lake.

Mwanawe wa pekee, Nassor, alikuwa na duka la vitambaa na nyumba ya ghorofa upande wa pili wa Mnazi Mmoja. Kijana mwema, hakuna siku aliyopita bila kuja kumwamkia mama yake. Mama alikuwa anajigonga kwenye miimo ya milango, anaingia chumba cha mpangaji akidhani ni chake, na mwisho akaanguka na sufuria ya maji ya moto pale ukumbi unaposhuka kwenda uani. Maji yalimkosa kidogo tu. Nassor akasema basi, mama anahamia kwake. Bi Shekha akasema kule ghorofani atakuwa mgeni wa kushikwa mkono mpaka chooni, na kwamba mtu anayetolewa nyumbani kwake akiwa hai ameshazikwa nusu. Waliumizana kwa mapenzi, kila mmoja ana haki. Mwisho wakapatana: nyumba ipakwe rangi upya, rangi kali za kuonekana, na kama baada ya Idi mama bado atakuwa anajigonga, atahama bila maneno. Ndipo Mwinjuma akaitwa.

Rangi alichagua Nassor mwenyewe, na alichagua kama mtu wa vitambaa. Kuta za ukumbi kijani kilichokolea, milango yote nyekundu. Mwinjuma aliridhika nazo, maana ni mahasimu wale wale wa kung'arishana. Tulifanya kazi safi. Tulipomaliza, ukumbi ule ulikuwa unapiga kelele. Wanawake wa mtaa waliingia kutazama, wapangaji walitembea wakigusa milango, na mimi nilisimama barazani nikipokea sifa ambazo nyingi hazikuwa zangu.

Bi Shekha akatoka chumbani kwake, akanyoosha mkono kutafuta mlango wa uani, akaenda moja kwa moja akajigonga paji la uso kwenye mwimo.

Hakuna aliyecheka. Alisimama akijipapasa, akauliza taratibu, "Mmeshaanza kupaka, au bado?"

Niwaambie ukweli, mimi nilitaka tukusanye vyombo tuondoke. Mwinjuma alikaa kwenye kizingiti. Bi Shekha, ambaye adabu ilimshinda maumivu, akatuletea vitumbua vimefungwa kwenye karatasi ya kaki. Mwinjuma alikula vyake, akabaki na karatasi mkononi. Ilikuwa imelowa mafuta mpaka inapitisha mwanga. Akaiinua akaangalia jua kupitia kwayo. Kisha akaiweka usoni, mbele ya macho yote mawili, akageuka kuutazama ukumbi wetu mzuri.

Alikaa hivyo kidogo, akaniita. "Mchaga, njoo uvae macho ya Bi Shekha."

Nikaiweka ile karatasi usoni. Vijana, sijawahi kusahau. Ukumbi ulikuwa umekufa. Nyekundu yetu na kijani chetu vilikuwa kitu kimoja, ukungu wa rangi ya matope kutoka sakafuni mpaka juu, hakuna mlango, hakuna ukuta. Akaniambia nitembee mpaka uani. Nilijigonga bega, nikakanyaga ndoo, na pale kwenye kushuka, ambapo saruji ya ukumbi na saruji ya uani ni rangi moja, mguu wangu ulitafuta sakafu haukuikuta. Bi Shekha alisikia kishindo akauliza nani tena huyo, na alipoambiwa ni mimi alifurahi sana.

Hapo ndipo lilipo somo, na kama mtaacha kusoma baada ya hili sitawalaumu. Kila rangi ina mambo mawili. Ina jina lake, kwamba hii ni nyekundu, hii ni kijani. Na ina uzito wake, yaani weusi na weupe uliomo ndani yake. Nyekundu ile na kijani kile vilikuwa na majina yanayogombana, lakini uzito ulikuwa mmoja. Sisi wenye macho mazima tulikuwa tunaona majina. Bi Shekha majina yalishamtoka, alibaki na uzito tu. Ukitaka kuuona uzito wa rangi, fumba macho nusu, uitazame kupitia kope. Rangi mbili zikipotelea moja ndani ya nyingine, uzito wa zote ni mmoja. Mpaka leo nikiingia chumba chochote huwa nafumba macho nusu, na wenyeji hudhani nasinzia.

Kesho yake Mwinjuma alivunja sanduku la chai, akapata vipande vya mbao, akavipaka kila rangi tuliyokuwa nayo. Akamkalisha Bi Shekha uani kwenye kibao chake cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, akaanza kumwonyesha viwili viwili. Ilikuwa kama mchezo, na yule mama aliupenda. Nyekundu na kijani alisema ni matope na matope. Njano na nyeupe alisema ni kitu kimoja, na Mwinjuma akatikisa kichwa, maana hata yeye hakutegemea. Samawati ya nili ilimjia kama kijivu. Kisha akaweka ubao wa masizi mbele ya ubao wa chokaa, na Bi Shekha hakungoja kuulizwa. Aliinua mkono akapitisha kidole pale pale mbao mbili zilipokutana, juu mpaka chini, bila kukosea.

Mwinjuma akamwambia basi kazi imekwisha, kuta zitakuwa nyeupe na milango nyeusi.

"Mwinjuma, unataka nilale nyuma ya mlango wa msiba?" Bi Shekha alisema. "Watu watapita barazani waulize nani kafa humu. Nitajigonga, lakini mlango mweusi sitaki."

Mtu mwingine angebishana. Angemwambia mama wewe huoni, rangi ya mlango inakuhusu nini. Mwinjuma alisema ndiyo, Bi Shekha, una haki. Njiani kurudi aliniambia kwamba nyumba si miimo tu ya kujigonga, ni heshima ya mtu mbele ya majirani, na fundi anayesahau hilo akapake mapipa ya lami bandarini. Nilimwona mtu mkubwa siku ile, na bado namwona hivyo.

Alichofanya ni hiki. Alichukua rangi ya mafuta ya buluu, akatia masizi kidogo kidogo. Ilipokaribia kufa akaacha masizi, akadondosha tone la rangi ya chungwa. Nikadhani kapitiwa. Kumbe chungwa ndiye hasimu wa buluu, na tone lake, likipikwa pamoja nayo, linaiondolea ukali na kuizamisha chini bila kuifanya nyeusi. Ilitoka buluu nzito, nzito kweli, lakini ukiisogelea unaona ni buluu na inapendeza. Tuliitazama kwa karatasi ya vitumbua, ikawa giza tupu. Kwetu mlango mzuri, kwa Bi Shekha mlango unaoonekana.

Kuta tulizirudishia chokaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka kijani kikakubali kufunikwa. Nili Mwinjuma hakutia hata chembe. Alisema nyeupe ya nili uani mchana itamchoma macho yale, akatia badala yake udongo wa njano kiasi cha kufuta ukali. Kwa kuwa Bi Shekha hakutofautisha njano na nyeupe, hatukupoteza kitu, na wapangaji walipata ukumbi wenye joto ukiwasha taa ya mafuta. Miimo buluu, milango buluu, na mlango wa stoo kule uani buluu hiyo hiyo. Ukingo wa pale pa kushuka tukaupiga mstari mpana mweupe juu ya saruji. Hata kibao chake cha mbuzi tulikipaka buluu, maana alikuwa anakikosa na kukaa hewani.

Idi ikapita. Siku ya pili yake tulikuwa uani, mimi na Mwinjuma, tunamalizia nguzo za jiko. Asubuhi bado mbichi. Nassor aliingia kwa mlango wa mbele bila kubisha hodi, jambo ambalo si desturi yake. Nilimwona akija ukumbini taratibu, viatu kavivulia barazani, amevaa kanzu nyeupe ya sikukuu na kofia. Akaegemea ukuta akangoja. Nilielewa amekuja kuona kwa macho yake, bila mama kujua kuna anayemtazama. Uso wake haukuwa wa mtu anayetaka kushinda.

Mlango wa Bi Shekha ukafunguka. Alitoka na sufuria yenye unga wa vitumbua, mikono yote miwili imeshika sufuria, hakuna wa kupapasa. Mama alikuja katikati ya ukumbi kwa mwendo wa mtu mwenye nyumba yake. Alimpita mwanawe karibu kiasi cha kumgusa, hakumwona. Alipita mwimo wa uani bila kugusa huku wala huku. Pale kwenye mstari mweupe alitua kidogo, akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili, akafika jikoni, akaweka sufuria chini. Kisha akavuta kibao chake akakaa.

Nassor alikuwa amemfuata mpaka uani kimya kimya, akasimama ukutani. Bi Shekha alichochea moto, halafu akainua kichwa akanusa.

"Huo ni udi wa kwangu, niliompa mke wako," alisema. "Nassor, umesimama wapi?"

"Nipo hapa, mama."

"Hapo ukutani sikuoni. Nguo yako nyeupe na ukuta mweupe, umezama. Sogea mlangoni pa stoo."

Nassor akasogea. Alikuja akasimama mbele ya ule mlango wa buluu, kanzu yake ikatokea nzima, mabega na mikono na kofia. Mwinjuma aligeuka upande, akawa anakoroga kopo ambalo halikuwa na kitu ndani.

Bi Shekha aliweka mwiko chini. Alitazama muda mrefu, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Hapo," akasema. "Hapo nakuona, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Habari ya kuhama Nassor hakuitaja asubuhi ile wala siku nyingine yoyote. Alibaki pale mlangoni, mikono imeshuka, machozi yanamtoka, akimwacha mama yake amtazame.